Jirani Akijaribu Makombora: Njia Tano za Kujibu, Zikiwekwa Bega kwa Bega

Habari ikifika kijiweni Mwanjelwa, Mbeya, au Mashine Tatu, Iringa, kwamba Korea Kaskazini imerusha tena kombora, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wa "wapigwe nao waone", na wapo wa "waacheni, wanajitangaza tu". Kwa soga za jioni inatosha. Haimtoshi mwanafunzi wa chuo cha MUST, Mbeya, au Mkwawa, Iringa, aliyepangiwa kiti cha Japani kwenye Baraza Kivuli la Umoja wa Mataifa, yaani mdahalo ambapo wanafunzi huigiza nchi, wala mwalimu wa Uraia kule Tukuyu anayeandaa mdahalo. Hao wataulizwa: ujibu kwa kutumia nini, nani alipe, na kesho yake iweje?

Kosa linaloua hoja nyingi ni kuchanganya kazi mbili. Moja ni kumtuliza raia wako. Nyingine ni kumfanya jirani asirudie. Njia inayofanya kazi ya kwanza vizuri mara nyingi haiigusi ya pili, na mtoa hoja asiyesema anafanya ipi atabanwa na swali la kwanza tu kutoka upande wa pili.

Kabla ya kuchagua: kimerushwa nini, kimeanguka wapi?

Makombora ya balistiki, yale yanayosukumwa juu kisha kushuka kama jiwe lililotupwa, hupangwa kwa masafa. Hadi kilomita 1,000 ni mafupi. 1,000 hadi 3,000 ni ya kati. 3,000 hadi 5,500 yako katikati ya hayo na ya mbali kabisa. Zaidi ya 5,500 ndiyo yanayovuka mabara. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kombora la kilomita 400 linaitisha Seoul. Linalofika Marekani linaitisha Washington, na Seoul nayo inakosa usingizi kwa namna nyingine: je, mshirika wangu atakubali kuhatarisha miji yake kwa ajili yangu?

Mahali pa kuanguka pana uzito wake. Bahari ya nchi inaishia maili 12 za baharini, kama kilomita 22. Ukanda wa kiuchumi unafika maili 200, kama kilomita 370, na huko nchi ina haki ya samaki na madini, si mamlaka kamili. Kombora likitua kwenye ukanda huo bila taarifa linahatarisha wavuvi na meli, lakini ni vigumu kuliita shambulio la silaha kwa maana ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo inayoruhusu kujilinda kwa nguvu. Hata kupita juu ya nchi si hoja nyepesi. Tarehe 4 Oktoba 2022 kombora la Korea Kaskazini lilipita juu ya mkoa wa Aomori nchini Japani na kimo chake kilifika karibu kilomita 1,000. Kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka kwenye kilomita kama 400 na hakiombi ruhusa ya mtu. Anayesema "limevunja anga letu" ajiandae kwa jibu hilo.

Mwisho, uliza kama jaribio lenyewe lilikuwa haramu. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaoikataza nchi kurusha kombora la balistiki. Korea Kaskazini imekatazwa na maazimio ya Baraza la Usalama yaliyoanza mwaka 2006. India na Pakistani hazijakatazwa. Hoja ya sheria inayosimama Pyongyang haisimami Islamabad.

Vigezo

Kila njia hapa chini inapimwa kwa mambo manne: kasi na gharama, kinachoharibika ikienda kombo, inafanya nini kwa jaribio lijalo, na inamfaa nani.

1. Kurusha nawe

*Kasi na gharama.* Hakuna njia ya haraka kuliko hii. Ni suala la saa chache. Mfano uliopimwa kwa rula ni wa 2 Novemba 2022. Kombora moja la Korea Kaskazini lilianguka kilomita 26 kusini mwa mstari wa mpaka wa baharini kati ya Korea mbili, kilomita 57 kutoka mji wa Sokcho. Korea Kusini ikajibu kwa makombora matatu kutoka ndege za kivita, yakalengwa baharini umbali uleule kaskazini mwa mstari. Ujumbe ulikuwa wazi: tumekufikia pale ulipotufikia, hatukuongeza hatua.

*Kinachoharibika.* Silaha yako inaweza kukuaibisha. Usiku wa 4 Oktoba 2022, katika kujibu lile kombora la Aomori, Korea Kusini ilifyatua kombora la Hyunmoo-2 kutoka Gangneung. Liligeuka likaanguka ndani ya kambi ya jeshi la anga, mafuta yake yakawaka. Hakuna aliyekufa. Lakini wakazi waliona moto na kusikia mshindo, wakakaa hadi asubuhi bila maelezo ya jeshi, na wengine waliamini vita imeanza. Hapo njia iliyokusudiwa kutuliza raia ikawatia hofu kuliko kombora la adui. Hatari ya pili ni ya umbali. Katikati ya Seoul hadi mpakani ni kama kilomita 50, karibu nusu ya safari ya Mbeya mjini hadi Tunduma. Kwa umbali huo aliye upande wa pili ana dakika chache sana za kuamua kama anachokiona kwenye rada ni maonyesho au ni vita.

*Jaribio lijalo.* Halizuiliki kwa njia hii. Siku moja baada ya zile 26 kwa 26, Kaskazini ilirusha kombora la masafa marefu. Mwaka 1998 India ilijaribu mabomu ya nyuklia tarehe 11 na 13 Mei. Pakistani ikajibu tarehe 28 na 30 mwezi huohuo. Zote mbili ziliwekewa vikwazo na Marekani na baadhi ya nchi nyingine, na zote mbili zina silaha hizo hadi leo.

*Inamfaa nani.* Serikali yenye jeshi linaloweza kurusha kwa usahihi na lenye msemaji anayeamka usiku. Anayeichagua kwenye mdahalo ataje kikomo chake mapema: wapi, ngapi, na mwisho lini.

2. Kinga na ving'ora

*Kasi na gharama.* Kinga yenyewe ni kazi ya miaka. King'ora ni cha dakika. Baada ya kombora la Taepodong-1 kupita juu yake tarehe 31 Agosti 1998, Japani iliamua mambo mawili: kutengeneza satelaiti zake za kupeleleza, ambazo za kwanza zilirushwa Machi 2003, na kushirikiana na Marekani katika utafiti wa kudungua makombora. Leo ina tabaka mbili. Meli za kivita zenye mfumo wa Aegis hubeba makombora ya SM-3 yanayolenga kudungua nje ya angahewa, na mitambo ya Patriot PAC-3 hulinda eneo dogo la nchi kavu kombora linaposhuka. Kila risasi ya mitambo hii ni mamilioni ya dola.

Sasa tazama saa ya 4 Oktoba 2022. Saa 1:22 asubuhi kwa Kiswahili, kombora linarushwa. Saa 1:27, mfumo wa tahadhari wa J-Alert unalia. Saa 1:28 au 1:29, kombora liko juu ya nchi. Saa 1:44, linaanguka Pasifiki, kilomita kama 3,200 mashariki mwa Japani. Yaani kutoka king'ora hadi kombora kuwa kichwani ni dakika moja au mbili. Ndiyo maana maelekezo yao ni mafupi: ingia kwenye jengo imara au chini ya ardhi, ukiwa nje usipate pa kuingia, lala kifudifudi ukifunika kichwa, ukiwa ndani, kaa mbali na madirisha. Ujumbe unaohitaji kusomwa mara mbili umeshachelewa.

*Kinachoharibika.* Kwanza, ving'ora vyenyewe. Siku ileile J-Alert ilifika kimakosa hadi visiwa vya Tokyo visivyohusika. Hawaii, 13 Januari 2018, watu waliambiwa kombora linakuja na si mazoezi. Ilichukua dakika 38 kutuma sahihisho. Seoul, 31 Mei 2023, wakazi waliamshwa na ujumbe wa simu uliowataka wajiandae kuhama bila kusema kwa nini wala waende wapi, kisha wizara ikasema umetumwa kimakosa. Kila kosa la namna hii linapunguza idadi ya watakaoinuka kitandani siku ya kweli.

Pili, kinga hujengwa kwa kutazama silaha ya jana. Watu wa Iringa hawahitaji mfano wa Asia: Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe uliotosha kwa vita alivyovijua, Wajerumani wakarudi Oktoba 1894 na mizinga. Mitambo ya leo nayo ina mipaka. Inaweza kuzidiwa na makombora mengi kwa mpigo, vitu vya kudanganyia rada, au kombora linalobadili njia likishuka. Na kombora lililo juu ya kilomita mia kadhaa likielekea baharini hakuna sababu ya kulidungua. Japani haikujaribu siku ile. Ukilikosa, umemwonyesha jirani udhaifu wako bure.

Tatu, majirani wengine. Korea Kusini ilitangaza Julai 2016 kupokea THAAD, mtambo wa Marekani wa kudungua makombora, ukawekwa Seongju. China ilisema rada ya mtambo huo inachungulia hadi ndani ya China, ikazuia safari za makundi ya watalii. Mwaka 2017 watalii Wachina nchini Korea Kusini walipungua kwa karibu nusu. Na Japani yenyewe, Juni 2020, ilisimamisha mpango wa mitambo ya Aegis ya nchi kavu uliopangwa Akita na Yamaguchi, kwa sababu haikuweza kuwahakikishia wakazi kwamba kipande cha roketi ya kudungulia hakitaangukia nje ya eneo la jeshi.

*Jaribio lijalo.* Kinga hailisimamishi. Humfanya jirani atafute kombora la kukwepa. Faida yake ni nyingine: serikali yenye kinga haisukumwi kuamua kwa hofu.

*Inamfaa nani.* Nchi tajiri, ya kisiwa au yenye miji michache mikubwa ya kulinda. Nchi isiyo na fedha hizo ianze na nusu ya bei nafuu, yaani tahadhari kwa simu na redio, na mazoezi mashuleni.

3. Vikwazo

*Kasi na gharama.* Azimio huchukua siku hadi wiki. Maumivu huchukua miezi. Wanaodhani mambo haya ni ya wakubwa tu wakumbuke kwamba Tanzania ilikuwa mezani. Tulikuwa mjumbe asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006, na balozi wetu New York alikuwa Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa. Makombora saba yaliporushwa Julai 2006, Baraza lilipitisha Azimio 1695 tarehe 15 Julai. Baada ya jaribio la nyuklia la 9 Oktoba likapitisha 1718 tarehe 14 Oktoba. Yote mawili yalipita bila kura ya kupinga.

Vikwazo vilivyouma zaidi vilikuja 2017. Azimio 2371 lilifunga mauzo ya makaa ya mawe, chuma na mazao ya bahari, 2375 nguo, na 2397, la 22 Desemba, liliweka kikomo cha mapipa 500,000 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka. Kipime kikomo hicho kwa malori. Pipa ni lita kama 159, hivyo jumla ni lita milioni 79.5. Kwa lori la lita 40,000, ni malori matano au sita kwa siku. Simama kwenye mlima wa Kitonga, Iringa, asubuhi moja uhesabu malori ya mafuta yanayopanda, kisha ufikirie nchi ya watu zaidi ya milioni 25 ikiishi kwa matano au sita.

*Kinachoharibika.* Mianya. Meli huzima mtambo wa kuonyesha ilipo, hukutana baharini usiku, mafuta yanahamishwa kwa bomba kutoka moja hadi nyingine, kisha meli inabadili jina na bendera. Bendera hizo mara nyingi ni za nchi zisizo na habari. Tunajua, maana yetu imo: Januari 2018 Rais Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usimamishwe na zilizosajiliwa zichunguzwe, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa na mizigo haramu.

Mwanya mkubwa zaidi uko ndani ya Baraza. Mei 2022 Urusi na China zilipiga kura ya turufu dhidi ya vikwazo vipya. Machi 2024 Urusi ikaikataa nyongeza ya muda wa jopo la wataalamu lililokuwa likifuatilia utekelezaji, na jopo likafa mwishoni mwa Aprili. Kikwazo kisicho na msimamizi ni kama kizuizi cha barabarani kisicho na askari.

Mlipaji naye si aliyebonyeza kitufe. Ni mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mvuvi, huku misaada ya dawa ikikwama benki kwa hofu ya kuvunja sheria.

*Jaribio lijalo.* Vinalichelewesha na kulipandisha bei. Ushahidi kwamba vinalifuta haupo.

*Inamfaa nani.* Nchi isiyo na kombora lakini yenye kura, bandari, benki au usajili wa meli. Yaani nyingi za Afrika. Masharti mawili: jaribio liwe limekatazwa kisheria, na mfanyabiashara mkuu wa jirani awe upande wako. Kwa Korea Kaskazini huyo ni China, na bila yeye hesabu ya malori haifiki popote.

4. Mazungumzo na taarifa ya mapema

*Kasi na gharama.* Polepole, na gharama yake ni ya kisiasa: upinzani nyumbani utasema umemlipa mkorofi.

*Kinachoharibika.* Mwenzako anaweza kutii maneno na kuendelea na kazi gizani. Mazungumzo yakivunjika, hali hurudi mbaya kuliko mwanzo. Mkutano wa Hanoi kati ya Marekani na Korea Kaskazini ulivunjika 28 Februari 2019, Mei makombora mafupi yakaanza tena, na Juni 2020 Kaskazini ikailipua ofisi yake ya pamoja na Kusini iliyokuwa Kaesong.

*Jaribio lijalo.* Hapa njia hii inazishinda zote kwa rekodi, na wengi hawalijui hilo. Septemba 1999, baada ya mazungumzo ya Berlin na Marekani, Kaskazini iliahidi kusimamisha majaribio ya masafa marefu. Kombora la masafa marefu halikurushwa hadi Julai 2006, karibu miaka saba. Aprili 2018 ikaahidi tena. Kombora la kuvuka bara halikurushwa hadi 2022. Ziangalie ahadi hizo vizuri, kwa sababu kwa upande wa makombora zilihusu masafa marefu pekee. Anayekaa Seoul hakulala vizuri zaidi.

Sura ndogo ya njia hii, na pengine yenye manufaa zaidi, ni kutokataza jaribio bali kulitangaza. India na Pakistani, ambazo zimepigana vita zaidi ya mara moja, zilitia saini Oktoba 2005 makubaliano ya kuarifiana kabla ya kujaribu kombora la balistiki. Taarifa hutolewa si chini ya siku tatu kabla. Eneo la kurushia lisiwe ndani ya kilomita 40 za mpaka. Eneo la kuangukia lisiwe ndani ya kilomita 70. Ni karatasi fupi, haihitaji urafiki. Tundu lake lilionekana 9 Machi 2022, pale kombora la India lilipofyatuka kwa bahati mbaya likaanguka Mian Channu, ndani ya Pakistani. Lilikuwa la aina inayoruka angani kama ndege, si la balistiki, na makubaliano hayakugusa aina hiyo. India ilikiri siku mbili baadaye. Ukiandika mkataba wa namna hii, anza na orodha ya aina za makombora, na uongeze kifungu cha ajali kinachosema simu ipigwe ndani ya dakika ngapi.

*Inamfaa nani.* Majirani ambao hakuna atakayehama. Kyela wanaielewa hali hiyo: mvutano na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa ulipamba moto mwaka 2012, ukapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano. Jibu la mwisho halijapatikana, na malori yanapita Kasumulu.

5. Kutulia kwa makusudi

Wengi huichanganya na woga. Tofauti iko kwenye kazi inayofanyika nyuma: rada inafuata, data inahifadhiwa, mabaki yanaopolewa, lakini hakuna hotuba.

*Kasi na gharama.* Papo hapo, na karibu bure.

*Kinachoharibika.* Raia wakijua kwa mdomo wa mwingine. Agosti 2022 makombora ya China yalipita juu ya Taiwan. Taiwan haikupiga ving'ora, ikieleza kwamba yalipita nje ya angahewa na hayakuwa hatari kwa nchi kavu. Kitaalamu ilikuwa sahihi. Lakini habari za njia yaliyopita zilitoka kwanza Japani, na serikali ikalazimika kujieleza.

*Jaribio lijalo.* Inategemea jirani anatafuta nini. Anayetafuta kutazamwa hupungukiwa. Anayetafuta kuikamilisha silaha hushukuru. Mwaka 2019 Marekani ilipuuza makombora mafupi ya Kaskazini. Januari 2024 ikasema makombora ya Kaskazini yametumiwa na Urusi dhidi ya Ukraini.

*Inamfaa nani.* Aliyepata ajali badala ya uchokozi. Pakistani, katika ile ajali ya Machi 2022, haikurusha kitu. Ilimwita mwanadiplomasia wa India, ikadai uchunguzi wa pamoja. Nchi mbili zenye nyuklia zikamaliza wiki bila mshindo wa pili.

Uanzie wapi, kulingana na kiti chako

Ukiwa Japani: kombora limepita juu, hakuna madhara. Anza na njia ya pili, uweke mkazo kwenye usahihi wa king'ora kuliko wingi wa mitambo, na ushike ya tatu kwa mkono mwingine kwa sababu sheria iko upande wako. Njia ya kwanza kwako ina mzigo wa katiba, inayokataa vita, na wa historia. Usiiguse bila maandalizi.

Ukiwa Korea Kusini: huwezi kukaa kimya kombora likivuka mstari wa bahari, ila jibu lipimwe kama lile la kilomita 26, na msemaji awe tayari kabla ya mrushaji. Tenga hoja ya masafa mafupi kwenye mazungumzo yoyote, la sivyo mshirika wako atauza usalama wako kwa kununua wake.

Ukiwa India au Pakistani: vikwazo havina msingi wa kisheria hapa. Fungua karatasi ya 2005 uipanue.

Jaribio likiwa la kwanza kabisa la jirani ambaye bado hana nyuklia, mazungumzo na vikwazo vinaweza kwenda pamoja, maana bado ana cha kubadilishana. Akiwa nayo tayari, punguza madai: omba taarifa ya siku tatu kabla ya kuomba aache kila kitu.

Ukiwa Tanzania, au nchi yoyote ya mbali isiyo na kombora wala rada ya kulifuata, usitoe hotuba ya vitisho. Chumba kizima kitacheka. Tembea na daftari la usajili wa meli: ngapi zina bendera yetu, wenye nazo ni nani, mara ya mwisho zilikaguliwa lini, na ipi ilizima mtambo wake baharini kwa siku ngapi.